Hewa ya Dar es Salaam na Pepo Zake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeagizwa kusema habari za hewa ya mji wetu. Huenda wengine wakadhani jambo hili ni la madaktari, wala si la makarani. Lakini karani ndiye aondokaye nyumbani alfajiri, saa ile moshi ungali umelala njiani, na arudiye magharibi wakati majiko ya makaa yamewashwa mlango kwa mlango. Watoto wetu huivuta hewa hiyo zaidi, maana hukaa karibu na jiko.

Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake hupanda, na upepo wa baharini huingia kushika mahali pake, ukausafisha mji. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, na umande huvuma taratibu kutoka bara kwenda baharini. Nao ni dhaifu. Hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji kutoka vilima vya Pugu, ikalifuata bonde la Msimbazi kuelekea daraja la Selander. Juu yake hukaa hewa yenye joto kidogo, mfano wa kifuniko cha chungu. Takataka zikichomwa jioni, moshi hauna pa kutokea. Hukaa bondeni mpaka jua lipande. Ndiyo sababu mtu wa Jangwani au Kigogo aweza kuamka koo lamwasha, na mwenziwe aliye ufukoni asijue lo lote.

Kaskazi huvuma tangu Disemba hata Machi, kisha hushika zamu kusi. Kusi ina nguvu, lakini Juni, Julai na Agosti usiku ni wa baridi na mvua ni haba. Vumbi la njia zisizo na lami hupanda, na kile kifuniko hukaza. Masika ndiyo mfagizi wetu mkuu, tangu Machi hata Mei. Vuli nayo hufagia, ijapokuwa si ya kutegemewa kila mwaka.

Tena kusi hutoka upande wa baharini, basi wa kwanza kuipata ni akaaye ufukoni; ifikapo Ubungo na Kimara imekwisha kupita juu ya magari na majiko ya mji. Hatusemi kwamba waliougawa mji zamani za Waingereza walipima moshi. Lakini Wazungu waliwekwa Oyster Bay, penye upepo, na Waafrika Kariakoo na Ilala. Siku hizi hukaa Oyster Bay ye yote mwenye fedha. Upepo umebaki pale pale.

Kidhuricho zaidi hakionekani kwa macho. Ni chembe ndogo kuliko upana wa unywele mara 30 hivi, zipitazo mapafuni hata zikaingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila meta ya ujazo ya hewa.

Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wapikie nishati safi. Ni shauri jema. Lakini gesi hununuliwa kwa mtungi mzima, na makaa hununuliwa kwa kopo. Karani wa mshahara mdogo, ifikapo tarehe 20 ya mwezi, twajua atachagua lipi.

Kwa hiyo twaleta ombi: chama kifungue mfuko wa kuwakopesha wanachama mtungi wa kwanza na jiko lake, fedha zikatwe kidogo kidogo katika mishahara. Wakati tungojapo, jiko la makaa lipikiwe uani, si chumbani, na taka zisichomwe kabisa, hasa jioni. Karatasi ya ombi i mezani kwa Katibu; wanaoliunga mkono watie majina yao kabla ya Juni kuingia.