Laxton na Mahakama ya Ngwe

Katika jimbo la Nottinghamshire, Uingereza, kipo kijiji kiitwacho Laxton, ambacho mgeni akipitia kwa motokaa haoni ila njia moja, kanisa la mawe, baa, na nyumba za wakulima za matofali mekundu zilizopangwa kandokando ya njia badala ya kutawanyika mashambani. Kaskazini yake kuna kilima cha udongo kilichobaki cha ngome ya Wanormani, na jina la kijiji limo katika daftari la mali alilolikusanya Mfalme William mwaka 1086. Lakini hayo si ajabu. Ngome na makanisa ya kale Uingereza ni mengi. Ajabu ya Laxton imo katika mashamba yake.

Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ililimwa kwa mashamba makubwa ya wazi, yasiyo na ua, ambamo kila mkulima alikuwa na ngwe zake zilizotapakaa huku na huko, ili ardhi njema na ardhi mbovu zipate kugawanywa kwa insafu. Sheria za Bunge za karne ya 18 na ya 19 ziliyakatakata mashamba hayo, yakazungushiwa ua, na maskini wengi wakapoteza haki zao za malisho. Laxton iliponea. Milki ilikuwa mikononi mwa malodi wawili, Manvers na Scarbrough, na husemwa kwamba hawakupatana juu ya masharti ya kugawana. Kama ndivyo, basi ukaidi wa matajiri umewafaa wakulima, jambo ambalo si la kila siku.

Mwaka 1635 mpimaji Mark Pierce alikichora kijiji hiki, na ramani yake imehifadhiwa hadi leo Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Ngwe zimeonyeshwa humo moja moja, naye, kana kwamba mistari haikumtosha, akatia na watu wadogo wadogo wanaolima na kuvuna.

Mashamba yaliyosalia ni matatu, la Magharibi, la Kusini na la Kinu, nayo hupokezana: moja hupandwa ngano, la pili mazao ya majira ya kuchipua, na la tatu hulazwa. Ngwe zenyewe ziliunganishwa mwanzoni mwa karne ya 20, zikawa chache na pana zaidi, lakini kanuni haikubadilika. Mwishoni mwa Novemba wazee wa baraza la mahakama ya kijiji, 12 pamoja na mkuu wao, wote wakulima wa pale pale, hutoka kulikagua shamba lililokwisha pandwa ngano. Hukanyaga udongo mzito wa mfinyanzi wakichukua vigingi na nyundo, na penye mpaka uliofifia hupima, wakapatana, wakapigilia kigingi kipya. Na wakimkuta aliyepitisha plau akamega njia ya watu wote au ukingo wa majani, jina lake huandikwa. Juma lifuatalo mahakama huketi katika baa, chini ya msimamizi aliyewekwa na mwenye milki, faini zikatozwa na wazee wapya wakaapishwa. Faini hizo si za kumfilisi mtu. Kinachouma, nadhani, ni jina kusomwa mbele ya jirani ambaye ngwe yake imepakana na yako.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni maigizo ya kuwafurahisha watalii. Sikubaliani nao, kwani ngano ile huuzwa, na kodi ya ardhi hulipwa. Mwaka 1952 familia ya Manvers iliiuzia serikali milki hiyo. Mwaka 1981 ikapita kwa idara ya ardhi za Ufalme. Na mwaka 2020 ikanunuliwa na milki ya Thoresby, ambayo ni ya kizazi cha akina Manvers wale wale, nayo mahakama ikaendelea kuketi.