Maji ya Ruvu Yanaanzia Uluguru

Msikilizaji, kila masika yakikolea, taarifa zetu za habari hujaa mito iliyofurika. Tunahesabu nyumba na madaraja. Ni nadra kuuliza maji yale yametoka mlima gani, na huko yalikuta nini.

Anders Rapp, mwanajiografia wa Sweden, aliuliza. Kuanzia 1952 alipima miteremko ya Kärkevagge, bonde la baridi kali kaskazini mwa nchi yake, miaka nenda rudi. Akabaini kwamba chumvi zinazoyeyuka na kuondoka na maji, zisizoonekana kwa macho, zinaumomonyoa mlima kuliko mawe yanayoporomoka kwa kishindo.

Kisha akaja kwetu, katika utafiti wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala. Februari 1970, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilishuka Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, na saa tatu hazikutimia. Maporomoko ya ardhi yakapita 1000. Rapp na mwenzake Temple walikuta karibu yote yameanzia mashambani na kwenye nyasi. Msituni, machache mno! Udongo wa juu, ule unaomlisha mkulima, uliishia mtoni.

Mto Mgeta humimina maji yake Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza ndoo za Dar es Salaam. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga bajeti ya maji: msiishie kwenye mabomba. Mpelekeeni mkulima wa Uluguru miche na matuta, kabla ya masika yajayo.