Maneno ya Mwenyekiti: Kahawa ya Nyumbani na Dele la Pili

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii atazisoma mweka hazina. Sisi tumeombwa tuseme machache juu ya kahawa, maana kila mgeni wa vikao vyetu anauliza: hawa kina mama wa delta hawana hata mche mmoja wa kahawa, mbona kahawa yao tamu? Na mbona wana madele mawili?

Tuanze na makosa yetu. Mwaka wa pili tulichukua fedha za mfuko, tukanunua buni, tukakaanga ili tuuze Kibiti mjini, pale yanaposimama magari ya Lindi na Mtwara. Tulikaanga mpaka ikawa nyeusi kama mkaa, tukidhani ndiyo ukali wenyewe. Wateja walionja mara moja, hawakurudi. Hasara tukagawana, kila mtu kwa hisa zake. Jamani, iliuma. Mwenzetu mmoja alikuwa anaitegemea faida ile kwa sare za shule za wanawe. Basi tukaanza kujifunza upya jambo tulilodhani tunalijua toka utotoni.

Kwanza ni buni. Nchi yetu ina kahawa za aina mbili. Arabika inalimwa Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe na Ruvuma. Ni laini na ina harufu nzuri. Robusta nyingi inatoka Kagera. Ni chungu zaidi, na kafeini yake, yaani kile kinachomkesha mtu, ni karibu mara mbili ya arabika. Sisi siku hizi tunanunua arabika. Tunazichagua punje kama tunavyochagua mchele: zilizovunjika, nyeusi na zilizotobolewa na wadudu tunazitoa.

Kukaanga kunataka moto wa makaa usio na ndimi. Sisi tunatumia vifuu vya nazi. Mikoko tuiache isimame. Koroga bila kuacha. Buni hugeuka njano, kisha kahawia, halafu hulia kama bisi. Mlio ukipungua, ipua hapo hapo na umimine kwenye ungo, upepete. Zinapoa upesi na maganda yanaruka. Ukiziacha kwenye chungu zitaendelea kuungua hata kama umeshaipua. Zipumzishe mpaka kesho yake. Halafu usitwange zote, twanga za siku hiyo tu. Unga hupoteza harufu haraka, na hewa yetu ina unyevu. Zinazobaki ziweke kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza.

Halafu maji. Visima vingine vya huku kwetu vina chumvi, na maji ya chumvi yanaharibu kahawa hata iwe ya bei gani. Tunatumia maji ya mvua tuliyokinga. Kipimo chetu ni lita moja kwa vijiko vinane vya mezani vya unga. Chemsha tangawizi iliyopondwa kwanza, tia kahawa, punguza moto, dakika tano zinatosha. Iliki itie mwishoni. Ipua, uache mpaka machicha yashuke. Na dele lioshwe kila siku, maana mafuta ya kahawa ya jana yanaharibu ladha ya leo.

Sasa lile dele la pili.

Mwaka wa nne mwenzetu mmoja alikuwa mjamzito na damu yake ilikuwa kidogo. Kliniki nesi akamuuliza, unakunywa nini na chakula? Akasema kahawa, asubuhi, mchana na jioni. Kumbe hata vidonge vya kuongeza damu alikuwa akivimezea kahawa! Nesi akamweleza kwamba kahawa, na chai pia, ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma, ambayo ndiyo yanayojenga damu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze.

Akaacha. Sisi tukamtania, eti amekuwa mzungu. Akakosa vikao viwili, tukamtoza faini ya utoro. Katibu alipomfuata nyumbani ndipo aliposema: "Nije nikae pale nitazame vikombe vyenu?" Tuliona aibu. Faini tukamrudishia, na kikao kilichofuata tukaweka madele mawili.

Kahawa iliyotolewa kafeini ipo. Aliyeanza kuiuza kwa wingi ni Mjerumani Ludwig Roselius wa mji wa Bremen, mwanzoni mwa karne ya 20. Kafeini hutolewa kiwandani, buni ikiwa bado mbichi. Jikoni haiwezekani, tusidanganyane kwamba kuloweka usiku kucha au kukaanga sana kutaitoa. Hata ile ya kiwandani hubaki nayo kidogo sana. Dar es Salaam kwenye maduka makubwa inapatikana, ila bei yake iko juu. Someni maandishi ya kopo, maana kahawa ya kopo ya kawaida, hata ile ya Bukoba tunayoipenda, kafeini imo.

Dele letu la pili, basi, ni la mchele. Rufiji ni nchi ya mpunga. Tunaukaanga mchele mkavu mpaka uwe kahawia, tunautwanga chengachenga, tunauchemsha na tangawizi, mdalasini na iliki. Wenzetu wa Madagaska nao huchemsha maji kwenye ukoko wa wali wakanywa. Hii si kahawa, lakini ni ya moto, inanukia, na usingizi hauondoki.

Na wanaokosa usingizi wasisubiri mpaka wawe wagonjwa. Kafeini hukaa mwilini. Ukinywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku karibu nusu yake bado unayo, na kwa mjamzito hukaa zaidi. Kunyweni asubuhi, tena saa moja au zaidi mbali na chakula na vidonge vya damu.

Mwenzetu yule alijifungua salama. Mtoto yuko darasa la kwanza, na mama yake ndiye anayetukaangia buni mpaka leo, kwa sababu hakuna anayesikia mlio wa bisi vizuri kama yeye.

Ndugu zetu, madele yote mawili yako pale chini ya mwembe, na kashata zipo. La kulia ni kahawa, la kushoto ni mchele. Anayetaka la kushoto ajimiminie tu, hakuna atakayemuuliza kwa nini.



Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote