Safari Yetu ya Lushoto Wakati wa Kipupwe

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni, Njinjo, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi (2015–2025)

 

Tumepewa kazi ya kusimulia safari ya Lushoto. Tuliosimama hapa ni watatu, lakini tunasema kwa niaba ya wote 14 tuliokwenda. Wengi wenu mmekwisha kuisikia vipande vipande, kisimani na misibani, na kila aliyesimulia ameongeza chumvi yake. Leo tunaisema yote, pamoja na ile sehemu ambayo hatupendi kuisema.

Mwaka 2023, baada ya fedha za mnada wa ufuta kuingia na mikopo kurejeshwa, tulikuta ziada ya faida na faini. Mapendekezo yalikuwa mengi: wapo waliotaka viti na masufuria ya kukodisha, wapo waliotaka tugawane tu kila mtu aende kwake. Ndipo mama mmoja akasimama akauliza, "Ni nani hapa amewahi kusafiri pasipo msiba, pasipo mgonjwa, wala harusi ya mtu?" Jamani, hakuna mkono ulioinuka. Watu wazima, wengine na wajukuu, hatujawahi kutoka Njinjo kwa ajili ya kupumzika tu.

Maneno yalikuwa mengi pale kijijini. Akina baba walisema tunakwenda kuchezea pesa. Hisa za mtu hazikuguswa hata shilingi, na kitabu kipo, lakini mwenye kusema amekwisha sema.

Kwa nini Lushoto? Kwa sababu ndiko tulikosikia kuwa watu wanakwenda kupunga upepo. Kule Ulaya watu hupanda milimani Desemba na Januari, wakacheze kwenye theluji. Kwetu sisi baridi ni Juni hadi Agosti, na Lushoto iko juu karibu mita 1,400 katika milima ya Usambara. Theluji haipo, na mwenzetu aliyeitafuta siku mbili nzima tunamwomba aache kuwasimulia watoto kuwa aliiona. Ule ni ukungu.

Tulitoka Njinjo alfajiri, tukashika lami Nangurukuru, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Wakubwa kati yetu wanakumbuka pantoni ya Ndundu kabla daraja halijafunguliwa 2003, jinsi mtu alivyoweza kukesha na kuku wake ng'ambo ya mto akingoja kuvuka. Tulilala Mbagala kwa ndugu, tukapita kwenye mitumba, na pale kila mmoja akanunua sweta. Wengine walisema ni mara ya kwanza kununua nguo ambayo si sare ya harusi, si ya mtoto, ni ya mwili wake mwenyewe. Siku ya pili tukapanda basi Mbezi, stendi ya Magufuli, tukapita Chalinze, Segera, Korogwe, hadi Mombo.

Pale Mombo bado ni joto, na mkonge umetanda bondeni. Kisha basi linaanza kupanda. Ni kilomita 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, ukuta wa jiwe upande huu na shimo upande huu. Wawili walitapika, mmoja alisoma kila dua aliyofundishwa chuoni. Tulipofika Soni, penye maporomoko ya maji, madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na sisi ndio tuliokuwa tunayafunga.

Baridi ile, ndugu zetu, haisimuliki. Usiku wa kwanza tulilala wawili wawili kitanda kimoja, sweta juu ya kanga, kanga juu ya sweta. Udhu wa alfajiri tuliuchukua kwa kelele, na mwenye nyumba ya wageni alikuja mbio akidhani kuna aliyeng'atwa na nyoka.

Mji wenyewe Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Walipochoka na jasho la pwani walipanda huko kujipumzisha. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Mwaka ule ule, mwezi Julai, wazee wa Nandete, hapa hapa Kilwa, waling'oa mimea ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Tulilizungumza hilo tukiwa tumesimama mbele ya majengo yale ya zamani. Bibi zetu walikuwa wanalima pamba kwa kiboko, wenye kiboko wakipunga upepo pale tuliposimama. Mama mkubwa wetu akafunga vizuri vifungo vya sweta lake akasema, "Basi na sisi tumefika."

Tulikwenda kwa miguu mpaka Irente. Pale mlima umekatika kama mkate, na chini, karibu mita 1,000, unaona Mazinde na tambarare linaloendelea mpaka macho yanachoka. Tulikaa kimya muda mrefu, na mnatujua sisi si watu wa kukaa kimya.

Plamsi na mapeasi tuliyoahidi kuwaletea hatukuyapata, msimu wake si Julai. Lakini kabichi, karoti na viazi, kumbe hivi vinavyofika Dar es Salaam kwa malori vinatoka kwa akina mama wale, kwenye vishamba vilivyoning'inia mlimani. Wamekata matuta kama ngazi, kingoni wameotesha majani ya kuzuia udongo usikimbie na mvua, na majani hayo ndiyo wanayokata kulisha ng'ombe wa zizini. Sokoni mama mmoja wa Kisambaa alituona kundi zima akatuuliza, "Poleni, mmekuja kumzika nani?" Tukamwambia tumekuja kupumzika. Akacheka mpaka akatua mzigo wake wa kuni. Akauliza, "Na sisi tukitaka kupumzika, tuje wapi?" Tukamwambia aje Njinjo. Mpaka leo hajaja, ila simu anapiga.

Sasa ile sehemu nyingine. Kabla ya safari tulipitisha kwamba mwenye deni lililopita muda haendi. Mwenzetu mmoja ufuta wake ulikanyagwa na tembo, shamba zima, akashindwa kurejesha. Tulijua sababu, lakini tulisema sheria ni sheria. Akabaki.

Usiku wa pili simu ikalia. Mtoto wake ameshikwa na degedege, ameandikiwa apelekwe hospitali ya wilaya, Kinyonga, kule Kilwa Kivinje, na gari la kukodi linataka pesa. Mfuko wa jamii tumeuweka kwa jambo kama hilo hasa. Lakini sanduku lina kufuli tatu, na funguo zote tatu zilikuwa Lushoto, kwenye mapindo ya kanga zetu. Hakuna aliyefikiria hilo tulipokuwa tunafunga mizigo.

Na kuna aliyesema, "Lakini huyo ana deni." Hatumtaji, kwa sababu hakuwa peke yake. Wengine tulinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa ni kukubali. Ilipita kama robo saa, watu wazima 14 tumejifunika mablanketi, mtoto yuko huku anatetemeka. Mwishowe mama mkubwa akatoa simu yake, akatuma alichokuwa nacho, na sisi sote tukafuata. Dereva akakubali kulipwa kwa simu. Siku iliyobaki tulikula ugali na kabichi.

Mtoto alipona, alhamdulillahi, yuko darasa la pili. Tuliporudi tulibadilisha mambo mawili. Mfuko wa jamii hauulizi deni la mtu. Na mshika ufunguo akisafiri, hata akienda Nangurukuru tu na kurudi, anaukabidhi kwa naibu wake mbele ya mwenyekiti. Deni mwenzetu alilimaliza msimu uliofuata, kitabu kinaonyesha.

Lakini hatukuwahi kumwomba radhi hadharani. Sweta tulilomletea alilikataa, akasema baridi yenu kaeni nayo, na alikuwa na haki. Mwenzetu, umekaa pale safu ya pili. Tunakuomba radhi mbele ya Mgeni Rasmi na mbele ya waume zetu. Ile robo saa ni yetu, si yako. Sweta tumekuja nalo, liko hapa mezani. Ukilichukua tutafurahi, usipolichukua hatutanuna.

Tunamkaribisha mweka hazina asome hesabu.