Mupira ya bei kidogo na mupira ya bei nzuri: namna ya kuchagua mipira ya kinga kwa njia zetu

Maneno haya yalisemwa mu mkutano wa wanachama, hapa Sandoa. Tunayaandika kwa wale ambao hawakufika, na kwa marafiki wanaotusaidia kutoka mbali.

 

Wengi munanijua. Mi niko mufanyakazi wa ONG, nazunguka mu vijiji, naandika ripoti. Kamati iliniomba niseme juu ya mipira ya kinga. Wengine walicheka: mutu amesoma universite, anakuja kutufundisha mipira! Muko na haki ya kucheka. Lakini mi naomba kusema, kwa sababu mi ndiye nilikosa. Na kosa yenyewe ilikula falanga ya chama. Nitaanza na hiyo.

Ile safari ya Kolwezi

Munakumbuka, mulinituma Kolwezi na falanga ya mipira kumi na mbili ya inje. Mbele ya kwenda, nilipiga telefone kwa kila mwenye kinga. Niliuliza: «Kinga yako ni namba ngani?» Wote kumi na mbili walijibu: «Ni 26.» Nikaandika mu kaye: 26, mara kumi na mbili. Nikaona kazi imeisha.

Ku soko nikapata mipira mizuri, mipya, yenye meno makubwa, imeandikwa 26 x 1.95. Bei ilikuwa ya kupendeza. Nikanunua yote, nikafunga mu mufuko, nikapanda kamyo.

Tulipofika hapa, mipira tano iliingia vizuri ku kinga za VTT za vijana. Saba ilikataa. Fundi alijaribu na sabuni, akajaribu na chuma, jasho ikamutoka. Mwisho akaniangalia, akasema: «Yaya, hii haiingie. Hata tukilala hapa, haiingie.» Niliirudisha Kolwezi, muuzishaji akakataa: imekwisha kuchafuka, ina alama ya chuma. Yeye pia alikuwa na haki.

Mama mumoja wa chama yetu, aliyerudi kutoka Angola katika ile mwezi wa kumi ya 2018, alikuwa mumoja kati ya wale saba. Kinga yake ndiyo inabeba mihogo mpaka soko, na mihogo ndiyo inalipa masomo ya watoto. Alingojea mupira yangu majuma matatu. Hakunitukana. Alisema tu: «Mwanangu, mi nilikuambia 26, na 26 ni kweli. Sasa ni nini?»

Hiyo ulizo yake, «sasa ni nini», ndiyo maneno ya leo.

Namba kubwa inadanganya, namba ndogo inasema kweli

Kila mupira ya inje iko na maandishi ku ubavu. Kuna ile namba kubwa tunayozoea: 26, 28, 29. Hiyo ni jina ya familia. Na mu familia moja munaweza kuwa watoto ambao hawafanane.

Tafuta namba ingine, imeandikwa kidogo, na kistari katikati: kwa mufano 50-559. Ya kwanza, 50, ni upana wa mupira kwa milimita. Ya pili, 559, ni kipimo ya pale mupira inakaa juu ya janti, kutoka upande moja mpaka ungine. Hiyo ya pili ndiyo mufalme. Ikitofautiana, usinunue, hata bei ikuwe ya bure.

Andikeni hizi mu kaye zenu:

Kinga za VTT za 26, zile mupira inaandikwa 26 x 1.95 ao 26 x 2.10: ni 559.

Kinga za 26 za kizamani, mupira mwembamba, 26 x 1 3/8: ni 590.

Kinga kubwa nyeusi za kubeba mizigo, zenye freni ya vyuma, 28 x 1 1/2: ni 635.

Kinga zingine za 28, zile zinaandikwa 700, pamoja na VTT za 29: ni 622.

VTT za 27.5: ni 584.

Sasa munaona kosa yangu. Mama alikuwa na 590, mi nikamuletea 559. Tofauti ni milimita 31, karibu sentimita tatu. Hakuna sabuni inayoweza kunyoosha sentimita tatu, maana ndani ya ukingo wa mupira muko waya ya chuma, na chuma hainyooke. Angalieni pia 28: moja ni 635, ingine 622. Hapo mupira kubwa itaingia kwa urahisi ku janti ndogo, utafurahi, lakini itacheza, na siku ya muteremuko itatoka. Hiyo ni hatari kuliko ile inayokataa kuingia.

Kwa hiyo, mutu akienda kukununulia mupira, usimutume na mudomo. Soma mupira yako ya zamani, andika namba yote. Kama maandishi imefutika, kata kipande cha ubavu wa mupira ingine inayoingia ku kinga yako, ama peleka janti kwa fundi aipime.

Njia yetu iko ya namna ngani?

Kisha kipimo, uliza njia. Watu wa mujini wako na goudron. Sisi tuko na mchanga wakati wa jua, matope wakati wa mvua, mizizi mu njia ndogo za mashamba, na udongo mugumu uliochongwa na kamyo. Mutu mumoja kwa siku moja anapita yote.

Mupira yenye meno makubwa, marefu, inakamata vizuri mu matope na mu mchanga wenye unyevu. Lakini juu ya udongo mugumu, yale meno yanakula nguvu ya miguu na yanaisha upesi. Mupira laini kabisa inakimbia vizuri ku njia ngumu, lakini mu matope itakuangusha na muzigo wako.

Kwa mutu anayepita pote pawili, chagua ya katikati: pale kati, musitari unaoendelea bila kukatika, ama meno mafupi yaliyokaribiana; ku mbavu, meno makubwa kidogo. Ku njia ngumu unatembea juu ya ule musitari. Ukizama mu mchanga, mbavu zinasaidia.

Kuhusu upana: mupira pana inaelea juu ya mchanga, ile nyembamba inakata kama kisu. Lakini pima kwanza nafasi kati ya mupira na vyuma vya kinga. Kinga nyingi za kizamani hazikubali mupira pana. Mupira ikigusa chuma ao kifuniko ya matope, itajikata yenyewe mbele ya mwezi kuisha.

Muzigo

Hapa ndipo sisi tunatofautiana na watu wanaotembeza kinga kwa michezo. Kinga yetu inabeba mifuko ya mihogo, makala, bidoni za mafuta, na wakati mwingine mugonjwa.

Mupira ya kubeba iwe na kitambaa ya nguvu. Ikamate mu mikono, ikunje ubavu na kidole. Kama ubavu ni laini sawa karatasi, na unaona nyuzi, hiyo ni ya mutoto wa kutembea. Angalia pia kama kuna nyufa ndogo ndogo. Mupira iliyokaa sana ku jua, mbele ya duka, imekwisha kuzeeka ingawa inaitwa mupya.

Ku ubavu kunaandikwa pia pumzi: PSI ao bar. Bar moja ni karibu PSI 14 na nusu. Usipite ile kubwa iliyoandikwa. Lakini ukiwa na muzigo, usibaki chini sana. Fundi atakuonyesha: ukitobolewa na ukapata tundu moja, huo ni mwiba ao musumari. Ukipata matundu mawili, yamekaa pamoja sawa nyoka ameuma, hakuna mwiba. Janti ndiyo ilibana mupira ya ndani juu ya jiwe, kwa sababu pumzi ilikuwa kidogo. Watu wengi wanalaumu mupira, kumbe ni pompi.

Mukinunua mupira ya ndani, angalieni na valvu. Valvu nene haiingie mu tundu ndogo ya janti. Na pompi ya kijiji ikuwe inakubali ile valvu, kama sivyo utabaki na mupira mupya bila pumzi.

Bei

Tuseme, ni mufano tu, siyo bei ya soko: mupira A ni falanga 20,000, inaishi miezi mine. Mupira B ni falanga 36,000, inaishi miezi tisa. Gawanya. A inakula 5,000 kwa mwezi, B inakula 4,000. Na A itakusimamisha njiani mara nyingi zaidi, na kila kusimama ni siku ya soko iliyopotea.

Lakini nisidanganye: kuna siku mutu ana 20,000 tu mu mukono, na hawezi kungojea. Masikini hanunui bei kidogo kwa kupenda. Hapo ndipo chama inapata maana yake. Mutu mumoja hawezi kufikia B. Watu makumi mbili wakiweka pamoja, wanaweza.

Ndiyo maana nawaomba kila mumoja aandike vitu tatu mu kaye: siku aliyoweka mupira, njia anayopita, siku mupira ilikufa. Kisha mwaka moja tutajua sisi wenyewe ni mupira ngani inaishi Sandoa. Hatutangojea mutu wa Kolwezi ao wa Ulaya atuambie.

Kutunza

Haya ni mafupi, muko munayajua. Kinga isilale ku jua. Mafuta ya ngazi na mafuta ya moto yakimwagika ku mupira, osha na sabuni siku ile ile, maana mafuta inaoza mupira. Mupira ikikatika ubavuni, usitupe: kata kipande ya mupira ya zamani, weka ndani, pale palipopasuka, itakusukuma mpaka nyumbani. Mupira ya nyuma inaisha mbele. Kama ziko za namna moja, peleka ya mbele nyuma, na ile mupya weka mbele, kwa sababu mupira ya mbele ikipasuka mu muteremuko, ni wewe unayeanguka.

Neno moja ya zamani

Mwaka wa 1887, mutu jina lake John Boyd Dunlop alitengeneza mupira ya pumzi kwa kinga ya magurudumu matatu ya mutoto wake, kule Belfast. Kinga zikapendwa sana Ulaya, na dunia ikataka mupira. Mupira ile, wakubwa wetu wa Congo ya Leopold II walilazimishwa kuitafuta mu pori, na wengi waliteswa na kufa juu yake. Leo sisi tunauziwa mupira kutoka mbali, tena ya mubaya. Sisemi hivi kwa kuleta hasira. Nasema kwa sababu watoto wa watu waliolipia mupira kwa damu hawafai kulipishwa mara ya pili kwa kutojua kusoma namba tatu.

Mwisho: ni nini tunaamua

Ile mipira saba iko bado mu depo. Kamati inapendekeza tuiuzishe kwa vijana wa VTT kwa bei ileile tuliyonunua, bila faida. Ikibaki pungufu, mi nitalipa kidogo kidogo kutoka mushahara wangu, na katibu ameandika. Hiyo haihitaji kupigiwa makofi.

Kwa falanga iliyobaki mu sanduku, kuna mawazo mawili. Wengine wanataka tununue mipira mingi ya bei kidogo, kila mutu apate sasa. Wengine wanataka tununue michache ya nguvu, tuanze na wale wanaobeba kila juma, na kila mumoja arudishe kidogo kidogo mpaka wote wapate. Mi niko na wazo yangu, lakini kwa jambo hili nimekwisha kuamua peke yangu mara moja, na munajua ilitoka nini. Leo muamue ninyi.

Naomba kitu kimoja tu. Mutu atakayetumwa Kolwezi asiende na kaye yangu. Aende na kaye ambayo kila mwenye kinga ameandika mwenyewe namba yake, ama mutoto wake amemwandikia, mbele ya fundi. Yule mama wa 590 amekwisha kuandika yake. Ni ya kwanza ku orodha.