Shaba ya Sakania na Elimu ya Bahari

Sakania, mji wa Katanga nchini Kongo, iko mbali na bahari, lakini biashara yake ya shaba huishia bandarini. Reli kutoka kusini iliifikia mwaka 1909, kisha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910.

Ndiyo maana elimu ya bahari inaihusu pia. Usimamizi wa usafiri wa meli, unaosomwa vyuoni kama Chuo cha Bahari Dar es Salaam, hushughulikia hati za shehena, bima, forodha na gharama za ucheleweshaji. Uzito ulioandikwa usipolingana na mzani, lori linalopeleka shehena bandarini hukwama mpakani.

Tawi jingine la elimu ya bahari, akiolojia ya majini, huchunguza vyombo vilivyozama na bandari za kale. Mfano mzuri wa chombo kilichozama ni meli Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito, hila iliyolipa: iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927.

Katanga nayo ina ushahidi wake wa kale wa uhusiano na bahari. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbuzi walikuta misalaba midogo ya shaba, na pia simbi za kauri za Bahari ya Hindi.