Siri ya mtungi aijuaye ni kata

Ndugu msikilizaji, juma hili mazungumzo yetu yanahusu karatasi. Nasema juu ya karatasi yenye jina lako: hati ya kiwanja, majibu ya hospitali, fomu ya mkopo, barua ya kuachishwa kazi. Karatasi hizo siku hizi hazitembei sana mkononi. Zinatumwa kwa intaneti kutoka mahali mtu alipo, zikatoke kwenye printa ya mtu mwingine mji mwingine. Na hapo katikati zinapita sehemu ambazo mwenye hati hazijui.

Chukua mfano wa Mbegani, kule Bagamoyo, kilometa zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Zamani kijana aliyeko Kariakoo akitaka mzee wake wa Mbegani atie saini fomu, ilimbidi apande basi. Sasa anaituma kwa WhatsApp kwenye simu ya duka la steshenari. Mzee anakwenda dukani, analipia, anaondoka na karatasi yake. Mwanafunzi wa Chuo cha Uvuvi Mbegani, ambacho leo ni kampasi ya wakala wa FETA, naye anaweza kutuma ripoti yake ya mafunzo kwa njia hiyo hiyo. Nauli imebaki mfukoni na siku ya kazi haikupotea. Mimi sina ugomvi na huduma hiyo. Ni neema.

Lakini ardhi ya Mbegani si ya kuchezea. Mwaka 2013 Serikali ilitia saini makubaliano na kampuni ya China Merchants ya kujenga bandari kubwa pale. Mradi ulisimama mwaka 2019, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mazungumzo ya kuufufua yameanza. Mahali penye habari za namna hiyo, karatasi za mauziano, za uthamini na za fidia huwa na thamani kubwa. Mtu akishajua kiwanja ni cha nani, kina ukubwa gani, namba ya NIDA ya mwenyewe ni ipi na saini yake imekaaje, basi nusu ya kazi ya kughushi amekwisha kuimaliza.

Niliingia katika duka moja la namna hiyo mjini Bagamoyo, nikasubiri zamu yangu. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimeelekea kwa wateja. Bila kukusudia kusoma, niliona majina ya mafaili yamepangwa kama samaki kwenye chano: mkataba wa mauziano ya shamba, vipimo vya damu, barua ya talaka. Wenye mafaili hayo walikwisha kulipa na kuondoka. Mafaili yao yalikuwa yamebaki.

Hebu tufuate safari ya karatasi moja. Unapoituma, nakala ya kwanza inabaki kwenye simu yako. Ya pili inafika kwenye simu ya duka. Kama simu hiyo imeunganishwa na kompyuta, faili likifunguliwa linashuka na kukaa humo, na hiyo ni ya tatu. Kompyuta huiweka kazi kwenye foleni ya kuchapwa, na printa nayo huihifadhi katika kumbukumbu yake, angalau kwa muda. Zipo pia printa zenye anwani yake ya barua pepe. Unatuma ukiwa popote, nazo zinachapa. Hapo huwa kuna kompyuta ya kampuni fulani, mara nyingi ng'ambo, inayopokea faili kwanza. Google iliendesha huduma ya kuchapa kwa njia ya intaneti kuanzia mwaka 2010 hadi ilipoifunga mwishoni mwa 2020.

Wengine watasema: lakini WhatsApp imefungwa kwa fumbo, njiani hakuna awezaye kusoma. Ni kweli. Njia imefungwa. Ila fumbo hilo linafunguka likifika mwisho wa safari, na mwisho wa safari ni kaunta ya duka. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Printa ndiyo kata.

Jambo hili si geni kwetu. Enzi za simu ya maandishi, karani wa posta alisoma kila neno la msiba au la deni lako, kwa kuwa alilipisha kwa kuhesabu maneno. Ofisi za Serikali zilikuwa na masijala ya siri, na mpiga chapa aliyeaminika alijua kwamba karatasi ya kaboni iliyotumika inasomeka, kwa hiyo haitupwi ovyo. Waliotutangulia walielewa kwamba chombo cha kunakili nacho hubaki na nakala. Sisi tumepata vyombo vyenye kumbukumbu kubwa zaidi, tukausahau ule uangalifu.

Na wenzetu walioendelea nao yamewakuta. Mwaka 2010 televisheni ya CBS ya Marekani ilinunua mashine nne za fotokopi zilizokwisha tumika, kutoka ghala moja la New Jersey. Ndani ya diski zake zilipatikana kumbukumbu za polisi wa Buffalo na taarifa za wagonjwa wa kampuni ya bima ya afya iitwayo Affinity. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa kosa hilo. Mwaka 2018 kijana mmoja alizikuta printa nyingi duniani zimeachwa wazi kwenye intaneti bila neno la siri, akazichapisha tangazo lake. Mwenyewe alisema zilikuwa 50,000. Alifanya mzaha. Mwenye nia mbaya asingejitangaza.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa ya mtu itumike kwa kazi iliyokusudiwa tu, na isiwekwe kupita muda unaohitajika. Kazi iliyokusudiwa dukani ni kuchapa kurasa mbili. Mteja akishazipokea, sababu ya kubaki na faili imekwisha.

Tutafanyaje basi? Wewe mteja, baada ya kupokea karatasi, sema kwa adabu: kijana, naomba ulifute mbele yangu. Lifutwe kwenye simu, kwenye kompyuta, na kwenye kapu la taka la kompyuta, maana humo bado linaokoteka. Hati nzito ifunge kwa neno la siri kabla ya kuituma, ukaliandike mwenyewe ukifika. Usimtumie mwenye duka neno hilo kwa simu ile ile, kwani utakuwa umefunga mlango na kuacha ufunguo kitasani.

Wewe mwenye duka, geuza kioo kisitazame wateja, na kila jioni kabla ya kufunga futa mafaili ya siku. Ukiuza kompyuta au fotokopi, toa diski au uifute kwanza. Na ofisi na vyuo vinavyochangia printa moja, visiiache wazi kwenye intaneti kwa neno la siri lililotoka nalo kiwandani. Mashine nyingi za ofisi zinaweza kuzuia karatasi isitoke mpaka mwenyewe asimame mbele yake na kuingiza namba yake. Ombeni fundi awawekee.

Najua kijana wa dukani hulipwa kidogo, ana foleni ndefu, na wengine humtaka atunze mafaili ili wakirudi asiwaombe upya. Mteja akimwambia atunze, atunze. Asipoambiwa, afute. Mzee wa Mbegani anayempa kijana huyo hati ya shamba lake hana mahali pengine karibu pa kuichapa. Amemwamini kwa kuwa hana budi. Amana ya mtu asiye na hiari ndiyo inayostahili kulindwa zaidi.

Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.